Mwanga wa Mlangoni kwa Mzee Kamau

Mjomba,

Ile redio yako kuukuu nimeifungua. Usinikasirikie, nilinawa mikono kwanza, kama ulivyonifundisha.

Hata baada ya sisi kukuzika, Mzee Kamau aliendelea kuwaambia watu barazani pa duka lake, "Fundi yule alikuwa tapeli. Alinifungia taa isiyowaka!" Kengele yake ya wezi ilikuwa ikilia bila mtu kupita mlangoni, mpaka akaizima. Ulimweleza kwamba taa ile hutoa mwanga usioonekana, na kwamba jicho la upande wa pili ndilo linalouona; lisipouona, mtu akiukatiza, kengele hulia. Alicheka. Kisha ukaugua. Hukurudi kumwonyesha.

Neno hilo, tapeli, lilimfanya Mama aache kupita sokoni Kariobangi, lilipo duka hilo.

Nikakumbuka transista zako za kioo, vile vipande vidogo vya redio vilivyopakwa rangi nyeusi. "Ukizikwangua, Nekesa, zinaona hata tusichokiona sisi." Nikakwangua moja kwa wembe wako, nikaiunga kwenye redio ili mwanga ule usikike kwenye spika.

Jumamosi nilikwenda dukani na Mama. Aibu, Mjomba! Spika ilinguruma kila nilipoielekeza redio. "Haya, mrithi wa tapeli huyo," akasema Mzee Kamau. Nilitaka kulia. Halafu nikaiona taa ndefu iliyokuwa ikiwaka darini, nikakusikia: "Zima kelele kwanza, ndipo usikilize." Nikaomba izimwe. Redio ikanyamaza. Nikaisogeza kwenye taa ya mlangoni, ikavuma kama nyuki. Nikakinga kwa kiganja, kimya. Mzee Kamau akakinga kwa chake, mara tatu.

Taa yako ilikuwa hai. Nikaufuata mwanga hadi upande wa pili: ulipita chini ya jicho, vidole vinne hivi. Ndipo Mzee akakumbuka: wapaka rangi wa mlango walilibandua, wakalirudisha juu mno. Nikalishusha, nikaiwasha kengele: haikulia mpaka mtu alipopita.

Mzee akaniuliza nataka nini. Nikamwambia aseme ukweli barazani, kwa sauti ile ile.

Akatoka, akavua kofia. "Jamani, yule fundi hakunidanganya. Nilikosea mimi."

Mama alikuwa amesimama katikati ya mlango, analia. Kengele nayo ililia, ikalia, na hakuna aliyeizima.

Pumzika sasa, Mjomba. Wembe nimeurudisha kwenye kopo lako la vifaa. Nitasoma fizikia kwa bidii, na nakuahidi: asiyeuona mwanga sitamcheka. Nitamvumilia mpaka ausikie.

Mpwa wako,
Nekesa