Mama Meneja

Mombo, Korogwe
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Zamda, Mkata.

Assalaam aleikum dada, na shikamoo. Nakuomba kwanza ukae, maana nakujua, ukipewa barua unaifungulia pale pale mlangoni umesimama, na mguu wenyewe ndio huo. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa konda ilifika, au aliisahau kwenye buti? Shemeji Ukasha na kifua chake je? Nasikia huko Handeni mvua imewachezea, ilinyesha mkapanda, kisha ikanyamaza. Na mihogo, nguruwe wamewaachia hata ya kuonja? Mimi mwili ni mzima, nashukuru Mungu. Nakula, usingizi ndio unakuja kwa kubembelezwa. Joto la Mombo unalijua, halijabadilika.

Utasema mbona Husna ananiandikia na simu ipo. Dada, wewe simu ukipokea unaweka sauti ya nje, jirani zako wote wanasikia, mpaka wapita njia wananisalimia. Haya niliyonayo siwezi kuyasema huku nasikia mtu anakohoa nyuma yako. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la nne, palipopinda panyooshe mwenyewe.

Ni habari ya Zaidi, mwanangu na mwanao. Najua umesikia kwa vipande, kwamba kijana amefungwa kwa ajili ya kuku. Hajafungwa bado, yuko mahabusu, na kuku hao hakuwaiba. Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi nikiruka nachanganyikiwa.

Unakumbuka pale hotelini kwa Mbaruku alianza kama mhudumu, wa kukimbilia madirisha ya mabasi na sahani za chipsi. Ni hoteli ya abiria tu, basi linasimama, watu wanashuka, wanakula nusu wanatafuna nusu wanameza, honi inalia, wamekwenda. Mbaruku mwenyewe anakaa Tanga mjini, huku anakuja akijisikia. Siku moja akaja na shati jeupe na beji ya kifuani imeandikwa MENEJA, akamwambia Zaidi mbele ya wenzake kwamba kuanzia leo wewe ndiye mimi. Dada, lile shati nililifua kwa mikono yangu na kulipiga pasi ya mkaa kila jioni, sikumwachia mtu. Na wewe usijifanye umesahau, alipokuja Mkata ulimchinjia jogoo, ukapiga vigelegele mpaka mtoto akaona aibu akaivua beji akaitia mfukoni.

Lakini kazi ilikuwa ile ile. Sahani alibeba, meza alifuta. Kuku walinunuliwa na Mbaruku huko huko Tanga, wakaletwa na gari lake. Mafuta ya jenereta hayanunuliwi mpaka yeye aseme kwa simu. Hata mwosha vyombo Zaidi hakuwa na uwezo wa kumwachisha kazi. Umeneja wake ulikuwa ni kuitwa.

Na mimi nikaitwa. Pale stendi ninapouza mayai ya kuchemsha na machungwa, watu wakaacha kuniita Mama Zaidi. Ilianza kwa utani, Mama Meneja, leo mayai ya bosi bei gani, Mama Meneja, tusemee basi kwa mwanao tupate kazi ya kumenya viazi. Utani ukakaa ukawa jina. Makonda, mafundi viatu, mpaka watoto wa shule wakitumwa chumvi. Sikulikataa dada. Lilikuwa tamu.

Sasa usiku mmoja umeme ukakatika mpaka kulipokucha, na jenereta halikuwa na mafuta. Asubuhi Elina mpishi akafungua friza, akarudi nyuma, akamwita Zaidi aje anuse. Zaidi akanusa, akampigia Mbaruku. Mbaruku akamjibu kwamba hao kuku si wa baba yako, waoshe kwa ndimu na siki, mafuta yachemke sana, basi la Moshi liko njiani. Na Zaidi akamgeukia Elina akamwambia kaanga. Hilo tu. Kaanga.

Abiria waliokula waliumwa matumbo, wengi wakapona. Mmoja hakupona. Binti wa Bungu, anaitwa Upendo, alikuwa anarudi kwao. Alishuka Korogwe anatapika, akafia hospitali. Nimeliandika jina lake ili ukimwombea Zaidi umwombee na yeye. Mimi siwezi kumwombea mmoja nikamwacha mwingine, nimejaribu, dua inakwama.

Polisi walipofika hotelini hawakuuliza kuku ni wa nani. Waliuliza meneja ni nani. Zaidi akanyanyuka, beji iko kifuani, shati nimelipiga pasi mimi.

Wamemshtaki kwa uzembe uliosababisha kifo na kwa kuuza chakula kibovu. Dhamana tuliihangaikia ikashindikana. Mbaruku alikwenda polisi na wakili wake, akasema yeye jengo ni lake lakini biashara alimwachia meneja, hata friza hajui linakaa upande gani. Simu anakubali alipigiwa, ila anasema aliambiwa umeme umekatika, basi, mambo ya harufu hayajui. Na Elina aliposimama alisema nilimwambia meneja kuku wananuka, meneja akasema kaanga, nikakaanga. Siwezi kumlaumu dada. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

Kuna kijana anaitwa Stefano, wa msaada wa kisheria, anasaidia watu bure, basi nikamfuata anieleze. Alinieleza taratibu kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Alisema mwenye mali naye angeweza kushtakiwa, lakini lazima apatikane wa kuonyesha kwamba alijua, na meneja anahesabiwa alijua kwa sababu alikuwepo. Zaidi akisema alimpigia bosi juu ya harufu, amekiri kwamba aliisikia harufu na bado akauza. Akisema hakuisikia, basi ni meneja asiyeangalia anachowalisha watu. Nikamuuliza sasa baba, mwanangu atokee wapi? Akakuna kichwa. Akasema imebaki njia moja nyembamba, mahakama ielewe kwamba hakuwa meneja wa kweli, alikuwa mhudumu aliyevalishwa shati. Atafutwe mtu aliyekuwa anamwona kila siku akibeba sahani. Ukiniuliza mimi, mtu huyo ni nani kama si mama yake mwenye beseni la mayai mbele ya mlango?

Ndipo nikawekwa shahidi.

Kabla sijakuambia hiyo siku, nikuambie kwanza juu ya Mama Upendo. Tulikutana kwenye benchi nje ya mahakama pale Korogwe, kesi ilipoanza, hatujuani. Mama wa Kisambaa, kitenge kichwani, ameshika chupa ya maji hainywi. Nikampa chungwa. Akanimenyea na la kwangu. Kesi ilipoitwa tukanyanyuka pamoja, ndipo kila mmoja akajua mwenzake ni nani. Nilidhani atanitemea mate. Alisogea tu akakaa mwisho wa benchi. Mara iliyofuata akaja akakaa karibu yangu tena, sijui kwa nini, labda hakuwa na mwingine. Akaniambia kule Bungu watu sasa wakimwona wanababaika, hawajui wamwite nani. Wengine wanamwita mama tu. Yeye anataka aitwe Mama Upendo, lakini anaona aibu kuwaomba. Nikamwita mimi. Mama Upendo. Akaitika.

Sasa dada, hapa ndipo pananifanya niandike.

Siku yangu ilipofika niliapishwa kwa msahafu. Nikaeleza yote, sahani, meza, gari la kuku kutoka Tanga, simu ya mafuta ya jenereta. Zaidi alikuwa kizimbani amekonda, ananitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo nikimvusha mto. Nikaona nasema vizuri. Hakimu anaandika. Kisha mwendesha mashtaka akasimama. Kijana mdogo, mpole, akaniamkia shikamoo mama, nikamwitikia marahaba baba, moyo ukapoa. Akaniuliza biashara ya mayai inakwendaje, makonda hawanisumbui? Nikamweleza, watu wakatabasamu. Akaniuliza, na pale stendi mama, wanakuitaje?

Dada, niliona kabisa anakokwenda. Niliona. Nikasema wananiita Mama Zaidi.

Mkono wangu ulikuwa bado una baridi ya ule msahafu. Sijawahi kusema uongo wa namna hiyo maishani mwangu, na niliusema upesi kama mtu anayeita paka. Yeye hakubishana na mimi. Akasema ahsante mama, sina swali lingine. Hakimu akaniambia nishuke. Nikashuka, nimeshika ukuta, nasema moyoni Alhamdulillahi, nimemtoa mwanangu.

Nikiwa nimempa mgongo, nikasikia sauti kwa nyuma, siyo ya mahakama, ile ya stendi kabisa, ya mtu aliyechungulia dirisha la basi anataka yai na chumvi. Mama Meneja!

Nikasema abee, baba. Na nikageuka.

Watu wakacheka dada. Mahakama nzima. Hata askari. Hakimu akawanyamazisha na akamkaripia yule kijana kwamba hiyo siyo namna ya kuuliza shahidi, lakini mimi niliona kalamu yake inatembea. Kisha hakimu mwenyewe akaniuliza, mama, umeitika jina gani? Swali hilo nikaondoka nalo mpaka nyumbani. Mama Upendo peke yake hakucheka. Aliinama akatazama ile chupa yake.

Stefano hakunificha. Alisema kule kuitika si kitu kikubwa, jina la utani lingeelezeka. Kilichoharibu ni kwamba nilikana kwanza. Sasa na ya sahani, na ya jenereta, na ya gari la Tanga, yote yaliyokuwa kweli, yamelala kitanda kimoja na ule uongo, na hakimu hana sababu ya kuyachambua. Nikamuuliza kama naweza kurudi nikaeleza upya. Akasema nilishashuka. Hukumu itasomwa mwezi ujao, na kilichobaki ni kumwombea apunguziwe.

Wakati wanampandisha karandinga nilipenya mpaka kwenye nondo. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa, nikamuuliza kama anakula. Akaniambia mama usilie, hata mimi wakiniita naitika.

Basi ndiyo hayo. Sikuandikii ili unitumie kitu, wala usimtume shemeji aje kumwona Mbaruku. Tulishakwenda, hakutufungulia. Wala usiniambie litapita, kila mtu ananiambia litapita, nami nawauliza litapitia wapi. Nataka tu ujue kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa makonda likiwa limetiwa chumvi na vicheko. Wanaliigiza stendi, dada. Mmoja anaita, mwingine anageuka na beseni. Mimi nauza mayai hapo hapo.

Nisalimie shemeji Ukasha, mwambie asilale na nguo mbichi. Nisalimie wakwe zako na jirani zako wa sauti ya nje, lakini usiwasomee. Wajukuu wabusu, na wakataze wasiniite tena lile jina kwenye simu, waniite bibi inatosha. Ukipata mvua nijulishe.

Ukinijibu, mpe konda wa basi la asubuhi. Ila yule konda mpya hanijui, na akishuka hapa akauliza Husna muuza mayai, hatapata mtu wa kumwonyesha, jina hilo hawalijui. Mwambie aite Mama Meneja. Nitaitika.

Ni mimi mdogo wako,
Husna