Kopo Moja la Serini

Rumonge,
14 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Hadjara,

Asalaam aleikum, na amahoro kutoka nyumbani. Uhali gani huko Liège? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua? Na shemeji Nasiri, baridi ameizoea? Sisi tunapumua. Nikisema tu wazima nitakuwa nakudanganya, na nimekaa kuandika barua hii ili nisikudanganye tena.

Kopo la unga wa serini ulilotuma lilifika wiki tatu zilizopita na yule mama wa Kabezi, limefungwa vizuri, halijamwagika hata kidogo. Murakoze cane, dada. Siku ya nne tu tangu mwanangu Aliya aanze kunywa, degedege likakatika. Mutoto aliyekuwa anatikisika mara kumi kwa siku akaanza kulala kama watu. Mama alikuombea dua mpaka sauti ikakauka.

Lakini Aliya haketi, na kichwa chake hakikui. Daktari Marcelina wa Bujumbura hakunizungusha. Amesema degedege tumelizima, ila ubongo uliokosa chakula chake mwaka mzima haurudi nyuma. Tungeanza mapema, pengine leo angekuwa anaketi.

Ugonjwa wenyewe alikueleza kwa simu. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vitatu vinavyopokezana kazi ya kutengeneza serini, kama sisi kwenye mawese: mmoja anachemsha chikichi, mwingine anatwanga, wa tatu anakamua. Kwa Aliya yule wa kwanza hafanyi kazi, basi wenzake wamesimama mikono mitupu. Na serini ikikosekana, mwili hauwezi kuunda sawasawa yale mafuta yanayojenga kuta za seli za ubongo. Yanaitwa fosfolipidi.

Dada, mimi nilisikia neno mafuta tu. Mtu wa mawese tangu enzi za baba, nikasema moyoni, mafuta ndiyo yanishinde mimi? Mwezi wa tatu daktari alinipa karatasi yenye muhuri nikutumie, yenyewe, si picha, ili wewe utafute huo unga huko, maana hapa Burundi haupatikani. Nikaikunja, nikaitia sandukuni. Nikawa naleta mawese mapya ya Kigwena, mazuri kuliko yote, namnywesha mutoto kijiko asubuhi, kijiko jioni. Zena, mama yake, akiniuliza kama nimekutumia karatasi, namwambia nimeshatuma.

Miezi mitano nilifanya hivyo, ndipo nikaituma. Wewe ukailaumu posta, na mimi nikakuacha uilaumu. Posta haina kosa. Ni mimi na ujuaji wangu. Hata mama hajui, na Zena nilimwambia wiki iliyopita tu. Hakunitukana. Alinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba, akaendelea kuchambua ndagala za ziwani.

Sasa sikia linaloniua. Zena ana mimba ya miezi minne na nusu. Daktari anasema huyu naye anaweza kuzaliwa na ugonjwa uleule, nafasi moja kati ya nne, na hapa hatuna pa kumpima akiwa tumboni. Ila Zena akinywa serini kuanzia sasa mpaka ajifungue, mutoto anaweza kutoka mzima.

Na kopo iko moja. Kwa Aliya peke yake ingefika mwisho wa mwaka. Wakinywa wote wawili, ni wiki tatu. Wewe mwenyewe umesema la pili halitoki huko mpaka faili jipya lipitishwe, labda Januari. Daktari naye ameshasema, Aliya akiacha, degedege litarudi.

Sikumwambia Zena afanye nini. Mtu aliyeficha karatasi anatoa amri gani tena nyumbani? Nimekata tamaa, dada. Nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anakoroga unga kikombeni. Aliya alikuwa mkekani. Mlio wa kijiko ameshaujua, mdomo ameufungua. Zena akageukia ukuta, akanywa yeye, chote, akaosha kikombe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliya aliendelea kufungua mdomo.

Leo ni siku ya tano. Degedege limerudi saa nne asubuhi.

Mama anakusalimu sana, na kaka Abasi wa Nyanza-Lac, na Mama Riziki jirani yetu. Msalimie shemeji. Zena hakusema nikuandikie chochote kwa niaba yake. Kama kuna mlango huko unaweza kuugonga, ugonge kwa ajili ya Aliya, si kwa ajili yangu. Mungu akupe afya, akufungulie njia ambayo mimi nilikufungia.

Wako akupendaye, hata kama hutaki tena kupendwa naye,

mdogo wako Anwari