Mume Wangu Anaujaza Mzigo Ninaoupunguza

Dada Borghild mpendwa, naomba unisaidie haraka kabla sijapoteza ama mume ama akili,

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzima wa afya, na tangu tuoane nimekuwa nikienda mlimani kila majira ya baridi pamoja na mume wangu Steinar, tukisafiri kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na kulala hemani, yeye akisoma ramani na kuwasha jiko, mimi nikifuata nyuma na kusifu mandhari, lakini tangu abadilishiwe nyonga daktari amempiga marufuku skii, na mwaka huu, tulipokuwa tumealikwa kahawa kwa jirani yetu Oddny, nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Mimi safari hii nakwenda nyanda za juu za Hardangervidda peke yangu." Oddny akaacha kukata keki. Steinar akasema tu, "Aha," na hilo "aha", dada, wewe unayewajua wanaume wa bonde letu unajua uzito wake.

Basi tangu hapo hanizuii, ila ananifungashia. Shanta yangu iko karibu na mlango, nami nikipita natoa kitu, yeye akipita anatia viwili: koleo la pili la theluji, soksi zake za sufu, mishumaa, soseji kavu nzima, hata msumeno, nikamuuliza, "Steinar, msumeno wa nini kule juu kusikoota hata mti?" akanijibu, "Huwezi jua." Jumamosi nikaivaa uani niijaribu, nikaanguka chali thelujini kama mende, miguu juu mikono juu, na Oddny, ambaye hakosi dirishani, akapaza sauti, "Ndo unaanza safari au ndo umefika?"

Lakini silo linaloniuma hilo. Wiki iliyopita nilikwenda kulala msituni, nyuma tu ya kanisa, nijipime, na hema nikalisimamisha vizuri, ila jiko likanishinda, maana nilivua glavu ili nikishike kiberiti barabara, vidole vikafa ganzi hata sikujua kama nimekishika au nimekiangusha, nikaogopa, dada, nikaogopa kweli, nikajitumbukiza kwenye mfuko wa kulalia na viatu vyangu miguuni nikatafuna jibini iliyoganda mpaka kukapambazuka. Niliporudi Steinar akaniuliza, "Uji ulikuwaje?" nikamjibu, "Mtamu, mpaka nikaongeza." Akaichukua chupa ya mafuta ya jiko, akaitikisa, imejaa vilevile tulivyoijaza, akairudisha rafuni. Sasa tunaongea habari za hali ya hewa tu, na shanta inazidi kunenepa. Je, nikiri? Au niiache safari, nisingizie mgongo? Naitaka safari hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na hata kueleza kwa nini siwezi.

Wako,
Mke Asiyejulikana

BORGHILD ANAJIBU

Mke Asiyejulikana, tuanze na jina hilo. Umemtaja Steinar, nyonga yake, na Oddny na dirisha lake. Kutoka hapa hadi stesheni ya treni hakuna asiyekujua, hata mchungaji. Ungetia sahihi tu, mama, tukaokoa wino.

Nimecheka mpaka nikamwaga kahawa, halafu nikafika kwenye vidole vyako, kicheko kikakatika. Mtu mzima, na miaka yako yote ya mlimani, unavua glavu kwenye baridi ya kupasua mawe! Kisha unarudi salama, badala ya kushukuru unatunga uji! Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na kule juu hakingekawia. Lakini usijiite mwoga. Mmoja wenu alikuwa akiwasha jiko na mwenziwe akisifu machweo, na kila mmoja akawa fundi wa kazi yake. Yako ilikuwa nzuri, ila haichemshi maji.

Kwa kuwa mambo ya baridi hayasubiri gazeti la Ijumaa, nikapiga namba uliyoniandikia. Akapokea yeye.

"Mkeo yupo?"

"Kaenda dukani. Nani mwenzangu?"

"Borghild, wa gazetini."

Nikasikia kiti kikivutwa. "Kakuandikia."

"Siwezi kusema."

"Aha," akasema. Kisha, wala sijamuuliza, akaendelea mwenyewe: "Najua jiko halikuwaka. Nikisema nimfundishe, ataona namcheka. Nikisema asiende, atabaki, na akibaki kwa ajili yangu nitakuwa nimemfanya nini? Basi natia soksi."

"Na msumeno?"

"Msumeno ni upumbavu," akakubali. "Sikiza, Borghild. Kule mlimani hata mimi nilikuwa naogopa, lakini unaogopa huku unachimba theluji, unafunga kamba, mikono ina kazi. Kuogopa nimekaa jikoni sijajifunza. Liandike hilo gazetini. Mimi mezani siwezi kulitamka."

Nimeliandika. Sasa nisikilizeni wote wawili, maana najua gazeti mnagawana.

Wewe mama, mwambie leo leo kwamba ulidanganya. Anajua, lakini kujua si sawa na kuambiwa. Kesho toa jiko uani, uvae glavu nyembamba za sufu zisizovuliwa kwa sababu yoyote ile, naye akae kitini na kahawa yake akuelekeze, mdomo wake ukifunguka tu pale utakapomuuliza. Washa, zima, washa tena, mpaka mikono ifanye kazi hata ukiwa umekasirika. Oddny na atazame, hatozwi kiingilio. Halafu rudi ulale nyuma ya kanisa na upike kweli. Hujafanya hivyo, Hardangervidda haikuhusu.

Steinar, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba ndiye anayeufunga. Ondoa msumeno kabla ya chakula cha jioni. Ukishindwa kabisa kujizuia, oka mkate mtamu wa iliki, huo atakushukuru.

Siku ya kuondoka, mama, mchoree kwenye ramani njia utakayopita na umwambie siku ya kurudi. Simu ikae kifuani penye joto. Na wewe bwana usimpigie kila dakika, utaiua betri kwa mapenzi. Hali ya hewa ikigeuka, nawe geuka. Kurudi nyuma si aibu, tumeambiwa tangu tukivalishwa skii za kwanza, na bado kila mwaka anapatikana bingwa wa kusahau.

Unasema huwezi kueleza kwa nini unataka kwenda. Usijisumbue. Umefuata mgongo wa mtu miaka mingi. Hata kama mgongo wenyewe unaupenda, una haki ya kuona mara moja kilichoko mbele yake.

Na utakaporudi, kabla hujafungua viatu, usianze na habari za upepo. Mwambie ni mahali gani ulitamani angekuwepo. Utamsikia akisema "aha". Mwache, usimjibu, hiyo ndiyo hotuba yake yote.

Borghild