Baba, Ng'ombe wa Kimali Wasitoke

Mwangaluka baba,

Ni mimi Shija, mwanao wa mwisho, niko huku Morogoro kwenye miwa. Nimeshika panga mchana kutwa, lakini usiku huu nakuandikia badala ya kulala. Nadhani ni woga.

Tangu tukuzike Ngulyati, nyumba iko chini ya kaka Masanja. Hilo sina neno nalo, ndiye mkubwa. Lakini leo mama amenipigia akinong'ona kama mtu aliyejificha. Kaka anataka kuwakusanya ng'ombe wako wote uliowaweka kwa watu, awauze mnada wa Mwandoya keshokutwa, fedha yote aiingize kwenye kundi moja la kwenye simu. Wanasema inarudi mara mbili kabla mvua haijaanza. Kijana wa jirani alilipwa kweli, akanunua pikipiki. Sasa nusu ya kijiji hailali.

Nilimpigia kaka. Nikamuuliza, "Hiyo faida inatoka wapi?" Akasema, "Inatoka mtandaoni." Nikamwambia mtandao hauzai ndama. Akacheka. "Mkata miwa wa darasa la tano, leo umekuwa meneja wa benki?" Akakata simu.

Baba, hujui kwamba siku hizi nasoma. Usinicheke. Kuna mama mmoja anafundisha mambo ya fedha kwenye simu, bure, kwa Kiswahili cha kueleweka. Tukirudi kambini wenzangu wanaweka mpira, mimi naweka spika ya sikioni namsikiliza yeye. Nisipoelewa namrudisha nyuma aseme tena, wala hakasiriki kama yule mwalimu wetu wa hesabu. Amenifundisha riba, amenifundisha kwa nini mshahara uleule unanunua unga kidogo kuliko mwaka jana. Na alieleza makundi haya. Wa kwanza wanalipwa kwa fedha za wanaokuja nyuma. Ni kama kuwanywesha ng'ombe wa mbele maji yaliyochotwa kwa ajili ya wa nyuma. Siku birika likikauka, mwenye ndoo ameshaondoka.

Siku ile alipofundisha kugawa mali sehemu mbalimbali nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka ukinipakia kwenye baiskeli twende kuwasalimia ng'ombe wako. Hawa kwa mzee Ndaki kule Kimali, wale kwa mama Milembe Mwandoya. Wao wanakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wako. Nilikuuliza kwa nini tusiwe na zizi kubwa letu, watu watuone. Ukasema, "Ukiwalaza pamoja, ugonjwa mmoja unatosha." Ulikuwa hujui kusoma, baba.

Nimempigia mama Milembe. Yeye hana shida. "Mwanangu, ng'ombe wa marehemu hatoki hapa kwa maneno ya simu. Aje na wazee wa ukoo, tuketi." Nilitaka kulia. Lakini mzee Ndaki hana simu, na Kimali ndiko waliko wengi. Kaka anaanzia huko. Mzee atamwona mtoto wako mkubwa, atafungua zizi kwa heshima yako. Hatauliza kitu.

Baba, namwogopa kaka kuliko ninavyowaogopa hao wezi. Sijawahi kumpinga mbele ya watu. Na kuna woga mwingine. Itakuwaje kama mimi ndiye nisiyeelewa? Kama wenzetu wote watatajirika na mama akabaki maskini kwa sababu ya darasa nililosikia kwenye simu iliyopasuka kioo? Nimeurudia ule mfano wa birika mpaka bando limekwisha. Kila nikiuangalia, haujabadilika. Hao ng'ombe ndio dawa za mama, ndio mahari ya wajukuu wako. Wakiingia kwenye kundi lile hawarudi.

Mnyapara ameniambia nikiondoka katikati ya msimu nisirudi, nafasi yangu atapewa mwingine. Nimemwambia sawa. Nguo nimefunga. Basi linaondoka alfajiri. Nikishuka sipiti nyumbani, nachukua bodaboda moja kwa moja Kimali. Nikimkuta kaka ameshafika, nitaketi chini langoni pa zizi. Sitapigana naye. Nitamwomba mzee Ndaki aite wazee, nieleze mbele yao yale niliyojifunza, hata wakinicheka.

Kaka akinipiga, nitapigwa nikiwa nimekaa palepale.

Lala salama, baba. Nakuahidi ng'ombe hawatatoka bila wazee kuketi. Zaidi ya hapo sina uwezo wa kuahidi. Lakini nakuja.

Mwanao,
Shija