Gari Lisilosikia Honi

Bremen, Ujerumani

Kaka yangu mpendwa Natanaeli,

Shikamoo kaka. Kabla hujasoma mstari mwingine, mfikishie Mama shikamoo yangu, nami nitangoja hapa mpaka aitikie. Natumaini goti lake limepungua uvimbe. Najua umemkataza kwenda kwenye maharage kukiwa na umande, na najua pia kwamba anakwenda. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeshaingia, nayo haifanani na ile ya kwetu Irente ambayo jua likipanda huaga na kuondoka. Hii ya huku hukaa kama mgeni asiyejua kusoma uso wa mwenyeji. Kazi yangu ni ileile: naletewa magari yaliyopata ajali, nayakagua kwa niaba ya kampuni ya bima, kisha naandika ripoti ya kilichovunjika na sababu yake. Jioni narudi chumbani, napika ugali wa unga wa dukani usio na harufu ya mahindi, nala peke yangu.

Nakuomba uisome barua hii kwa sauti katika kikao cha ukoo, kile cha kupanga safari ya harusi ya binti yako Ruthu. Elia mdogo wetu awepo, tena akae mbele. Nimeikabidhi kwa mchungaji anayekuja huko kwa ziara kwa sababu haya niliyaanza kwenye simu, na Elia akanikatia.

Ndugu zangu mliokusanyika, nawaamkia kwa Kisambaa chetu: onga mshi. Jambo langu ni moja. Naambiwa imeshapangwa kwamba siku ya harusi Mama atateremka mlima, kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, kisha Korogwe, akiwa ndani ya gari jipya la Elia. Ninapinga. Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kuamua.

Nimeziangalia picha za gari hilo. Limeinama hadi chini, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Tairi zake ni pana lakini mpira wake ubavuni ni mfupi, za kukimbilia kwenye lami iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya yetu. Mwenyewe anajisifu kwamba injini ina nguvu za farasi mia kadhaa. Farasi wote hao wamekusanywa ili Mama akamsalimie dada yake Mlola, mahali ambapo punda mmoja angefika bila kuacha bampa njiani. Katika video mliyonitumia, shangazi Naomi ameketi kiti cha nyuma, anapapasa ngozi ya kiti na kusema, "Humu kumetulia kama kanisani siku ya Jumatatu." Na Elia anamjibu, "Ndiyo usalama huo, shangazi. Fujo zote za dunia unaziacha nje."

Katika fujo za dunia alizoziacha nje, honi nayo imo.

Sisi tuliozaliwa milimani tuna kanuni ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Kabla ya kona unapunguza mwendo, unapiga honi, unateremsha kioo na kusikiliza. Ukijibiwa, asiye na mzigo anajibana pembeni ili mwenye mzigo apite. Baba alitufundisha hivyo tukiwa bado tunatembea kwa miguu: mkifika kwenye kona, nyamazeni. Elia alifundishwa pamoja nasi. Miaka yake michache ya biashara Dar es Salaam imemshawishi kwamba honi ni lugha ya watu wa malori.

Sasa niwaeleze kilichotokea njia ya Mlola, kwa maana nasikia kinasimuliwa kama muujiza. Elia alikuwa anampeleka Mama kwa Mama Mkubwa. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, kwaya inaimba kwenye redio. Kwenye kona ile yenye korongo upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili, akakutana na lori la Shabani wa Mlola, limejaa kabichi, linateremka. Elia hakupiga honi. Shabani alipiga, akapiga tena. Mama aliniambia hivi, nami nayarudia maneno yake kama alivyoyasema:

"Nilimwona Shabani amelalia honi kwa mkono wote, mdomo wazi. Sikusikia kitu, mwanangu. Nikadhani nimekuwa kiziwi."

Gari likajifunga breki lenyewe na kusimama katikati ya njia. Elia amekwenda nyumba kwa nyumba akitangaza, "Gari limemwokoa Mama." Nanyi, wasomi na wakulima pamoja, mmeitikia amina.

Naomba niwaulize. Gari lililosimama katikati ya kona ya njia ya Mlola, mbele ya lori lenye mzigo kwenye mteremko, limemwokoa nani? Breki za lori lile hazina kompyuta ya kulifanya lisimame mahali lilipo. Lilikuwa lazima liende mahali fulani. Lingeweza kumsukuma Mama korongoni pamoja na ngozi na kwaya yake. Shabani akalipeleka ukutani. Kabichi zikamwagika, na Athumani, utingo wake, mtu mzima mwenye familia, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo, akaanguka na kuvunjika mkono. Yeye hayumo kwenye muujiza wenu. Elia, nimeambiwa na Mama mwenyewe, hakushuka garini. Aliteremsha kioo kiasi cha kupitisha vidole, akasema, "Mzee, angalia unakokwenda," kisha akalizunguka lori na kuendelea na safari. Katika milima yetu hata adui yako akiingia mtaroni unashuka na kumpa pole. Hilo nalo, inaelekea, limeachwa nje ya kioo.

Nilimpigia Elia nikiwa na maswali mawili tu. La kwanza lilihusu goti la Mama, lililogonga kiti cha mbele gari liliposimama. Nilitaka kujua limegongaje ikiwa alikuwa amefunga mkanda.

"Kaka, alikuwa amefunga."

"Nimeona picha, Elia. Mkanda umepita nyuma ya mgongo wake."

"Ulikuwa unamkaba kwenye khanga. Na ukiuacha wazi gari linalia njia nzima. Nikaufunga kwa nyuma ili litulie."

"Kwa hiyo umelidanganya gari."

"Kaka, wewe umekaa Ulaya mpaka umekuwa mwoga. Hili gari lina mifuko ya hewa kila upande. Lina kamera. Lina nyota tano za usalama. Lile la marehemu Baba lilikuwa na nyota ngapi?"

"Lilikuwa na honi."

Hapo ndipo alipokata simu. Swali la pili halikuulizwa: kama amekwenda kumwona Athumani. Jibu nimelipata kwingine, na jibu ni hapana.

Ndugu zangu, nyota hizo nazijua jinsi zinavyopatikana. Gari hugongeshwa ukutani ndani ya ukumbi wenye sakafu laini kuliko meza ya altare. Ndani huketishwa sanamu, na kila sanamu limefungwa mkanda mbele ya kifua, jinsi mkanda ulivyokusudiwa. Sanamu halina khanga ya kukabwa. Halina dada Mlola wala mdogo mwenye haraka ya kuonekana. Sisemi kwamba watu hao wanadanganya, wamepima walichopima. Mwongo ni yule anayelichukua jibu la swali lao na kulipachika kwenye kona yetu. Katika kazi hii sijawahi kuletewa gari ambalo mwenyewe hakuliamini. Yote yaliyopondeka yalikuwa salama hadi dakika ya mwisho, na mengi yalikuwa ya kifahari na ya kasi, kwa sababu anayejiona amelindwa hukanyaga zaidi. Watu wa huku wana barabara pana na bado wanafanya upumbavu huo. Elia ameusafirisha hadi kwenye ukingo wa korongo na kumpakia humo mama yetu.

Nikamuuliza Mama, "Wewe mwenyewe unataka kwenda na gari hilo?" Akanijibu, "Nikikataa, Elia ataonekanaje mbele ya wakwe?" Kumbe ndivyo ilivyo. Mama yuko tayari kuuweka uhai wake rehani ili mwanawe asiaibike, nanyi mko tayari kumruhusu kwa sababu gari linapendeza kwenye picha. Mama hatakataa. Amelea watoto hivyo maisha yake yote. Kaka Natanaeli, wewe ndiye mkubwa wetu tangu Baba alipofariki. Kataa kwa niaba yake, mbele ya wote, ili kukataa huko kuwe kwako na lawama iwe yangu.

Najua shangazi Naomi atauliza kwa haki, "Sasa Mama atateremka na nini?" Nilimpigia Shabani. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Hakutaka nirefushe maneno. Alisema, "Nilimwona mama yenu pale nyuma. Upande ule korongo. Nikachagua udongo." Kisha akaulizia goti lake. Mtu ambaye lori lake liliingia ukutani kwa ajili yetu ndiye wa kwanza, nje ya nyumba yetu, kuniuliza habari za goti la Mama.

Nimemwomba amteremshe Mama siku ya harusi, kiti cha mbele, karibu naye, lori likiwa tupu na limeoshwa. Amekubali. Najua mnavyonung'unika sasa hivi: mama wa ukoo kufika kwa wakwe ndani ya lori la kabichi. Wakwe wakiuliza, waelezeni njia ya Mlola tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mkono wa Athumani, kisha wao wenyewe wachague gari lenye heshima. Elia aje nyuma yenu na gari lake, vioo vikiwa chini, vumbi liingie kwenye ngozi, na kila kona apige honi kama binadamu wengine. Akiona hilo linamshusha hadhi, basi na aende peke yake, na farasi wake wote.

Na kabla ya harusi, kaka, mchukue Elia kwa mkono mwende Mlola mkampe Athumani pole. Mwende kwa miguu kutoka kwenye ile kona. Mkifika, asimame mbele ya mke na watoto wa mtu yule na aseme mwenyewe, wewe usimsemee.

Msalimie shemeji, mke wako, mwambie viazi vyake ndivyo ninavyoviota. Msalimie shangazi Naomi, asinikasirikie. Mpe Mama Mkubwa wa Mlola shikamoo yangu, na bibi harusi wetu Ruthu mpe baraka za baba yake mdogo aliye mbali. Elia naye msalimie. Ni mdogo wangu, na hasira hii nisingeihangaikia kwa mtu wa nje.

Shabani alikuwa na wasiwasi mmoja tu kuhusu safari. Aliniuliza kama Mama, katika umri wake, ataweza kuvumilia kelele za lori hadi Korogwe. Nikamjibu kwamba amemlea Elia.

Ni mimi ndugu yenu,
Zefania