Wimbo wa Tatu Umebaki Mahali Pake

Njeri wangu,

Huku Dundori baridi imerudi na viazi vimeshika maua. Si unajua mimi na kalamu hatujuani sana, lakini kuna jambo nimefanya na nyimbo zako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Tulipomaliza kukuzika, Brayo aliyekurekodi kule Nakuru alikuja. Akakaa hapo jikoni, akaniwekea nyimbo zako zote kumi ndani ya simu yangu. Akaniambia, "Mathe, siku hizi watu hawana subira ya albamu. Tutoe moja moja, kila mwezi moja, ndio jina lisisahaulike." Nikakubali. Hilo ndilo nilikuwa naogopa, usahaulike.

Na wewe nilikuuliza mara ngapi, mbona usitoe hizo ulizo nazo? Miaka miwili unazipanga kwa karatasi, huu unautanguliza, ule unaurudisha nyuma, kama mtu anapanga wakwe kwa viti. Nikikukemea unacheka tu. "Mathe, wimbo mmoja ni mtu kunisalimia akipita njiani. Mimi nataka waingie ndani, wakae." Nilidhani ni uvivu. Nisamehe.

Sasa kosa langu. Jumapili moja, tukitoka kanisani, nilitaka kina mama wa kikundi chetu wakusikie. Kusoma kwangu unakujua, ni kushika herufi moja moja. Nikaona wimbo umeandikwa "Mama." Nikasema basi, mtoto ameniimbia. Sikuusikiza kwanza. Nikautuma kwa grupu.

Kumbe ni ule wa gita. Mama anaificha gita kwa stoo, chini ya magunia ya viazi, mpaka unyevu unaachanisha gundi, na mtoto anaapa hataimba tena mbele yake. Kila neno ni kweli. Ulikuwa kidato cha tatu na mimi nilikuwa nahofia mtihani. Nilihofia kila kitu.

Kesho yake Mama Kevo alifika kabla chai haijachemka. "Mama Njeri, kumbe mambo yalikuwa hivyo? Na matanga yote ulinyamaza." Akavuta kiti, akauliza, "Kwani mtoto alienda na kinyongo?"

Njeri, hilo swali lilinikalia. Nikipalilia liko. Nikikamua ng'ombe liko. Kile kifua kilikumaliza kwa wiki mbili, na hatukupata nafasi ya kuongea mambo ya zamani.

Nikampigia Brayo. Akasema, "Usijali mathe, huo tunauondoa. Zitabaki tisa, nani atajua?" Sitakudanganya, nilifurahi. Lakini nikamwambia angoje kwanza nizisikize.

Nikaweka simu kwa mfuko wa aproni, nikakaa kuchagua mbegu, nikaanza ule wa kwanza jinsi ulivyopanga. Mvua ya huku. Wa pili ukanichekesha, kumbe uliona siku ile ng'ombe alinibwaga kwa matope. Wa tatu, ule wa gita, nililia. Kutoka wa nne uko Nakuru kwa chumba cha kupanga, unashika simu unaiweka chini, hunipigii. Nakumbuka hiyo miezi, mimi pia nilikuwa nashika yangu naiweka chini.

Halafu wa nane. Hakuna gita. Kuna mwanamke anaimba mdomo umefungwa, na viazi vinaanguka kwa ndoo, kimoja kimoja. Nilichukua muda kujua ni mimi. Ulinirekodi lini? Halafu sauti yako inaingia chini ya yangu, polepole, unanifuata mpaka mwisho. Hujasema umenisamehe. Hujasema chochote.

Mtu akisikia wa tatu peke yake, mimi ni mama mkatili. Akisikia wa nane peke yake, ni mwanamke na ndoo. Lazima atoke huku afike kule, na hizo nne za katikati azipitie, zile zinachosha kidogo. Ndio nikaelewa karatasi zako.

Nikamwambia Brayo, zote kumi, siku moja, vile Njeri alipanga mwenyewe. Akasema, "Mathe, watu wataruka tu nyingine." Nikamwambia waruke. Hata kitabu cha nyimbo kanisani hatukiimbi chote, lakini hakuna mtu amewahi kuchana kurasa.

Zilitoka wiki iliyopita. Nilimwita Mama Kevo, nikamkalisha tumenye viazi. Kufika wa tano alikuwa anaulizia saa. Wa nane ulipoanza akaacha kumenya. Ulipoisha akaniuliza, "Hiyo ndoo ni ile ya bluu?" Nikamwambia ndiyo. Akapangusa macho na leso, akasema niweke unaofuata.

Wengine bado wanatumiana ule wa tatu pekee, maana ndio mtamu. Nikipeleka maziwa asubuhi naona wakiniangalia. Siwafuati kuwaeleza. Siku mtu akitaka kukujua, njia yote iko.

Pumzika, mtoto wangu. Kaburi nimelipandia maua, yameanza kushika. Na nakuahidi hivi: kila nikikusikiza nitaanza mwanzo, na nikifika pale kwa magunia sitaruka. Nitakaa hapo na wewe mpaka umalize kunisema.

Ni mimi, mama yako.