Hayumo Daftarini

Kakaskasen, Tomohon,
Sulawesi Kaskazini.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Yopi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na baridi ya Rotterdam imekuachia kidogo? Mgongo wa mkeo Marijke unaendeleaje? Na Lidya, ameshaanza kutembea au bado anatambaa akifagia sakafu kwa tumbo?

Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila mvua inapokaribia, basi. Mama asikutie hofu anapokulilia kwenye simu: leo asubuhi amekula bakuli mbili za uji wa maboga, kisha akauliza samaki wa moshi yuko wapi. Mlima Lokon nao umetulia. Wiki nzima nimeanika nguo bila kuokota majivu.

Sasa tuje kwenye ujumbe wako wa Jumanne. Unasema yule mzee, Om Bertus, amekuandikia akilalamika, na unaniomba nimpakie mtandaoni mstari wake mmoja wa mawasiliano ya redio. "Dada, yaishe," umeandika. Hayaishi, Yopi. Weka kahawa karibu nikueleze, maana yeye amekueleza nusu.

Ulikuwa darasa la sita, Februari ya 1997. Papa alitoka kwenye redio yake ya kuongea na watu wa mbali, hedifoni bado shingoni, akacheza katikati ya jikoni mpaka Mama akaficha sufuria. Alikuwa amekipata kile kisiwa cha barafu huko chini kabisa ya dunia, kisichokaliwa na mtu, ambako Wanorwe watatu walipiga kambi kwa wiki mbili tu. Akaandika daftarini jina lao la hewani, masafa na saa. Akatuma kadi yake ya kuthibitisha maongezi, akaanza kusubiri yao, kwa sababu siku zile bila kadi ya yule wa upande wa pili ulikuwa hujaongea na mtu. Na kadi zote za ng'ambo zilipitia kwa Om Bertus, mwenyekiti wa chama chetu cha redio. Yeye ndiye aliyezigawa.

Mwaka ukapita na nusu yake, kadi haikuja. Kwenye mkutano wa chama, mimi nikiwa nagawa keki, Om Bertus akasimama mbele ya watu wote.

"Nimewaandikia wale Wanorwe, nao wamejibu," akasema. "Welly hayumo daftarini. Labda aliongea na friji yake!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Papa alisema neno moja tu: "Bertus, mimi niliwasikia." Baada ya hapo hata wauza samaki sokoni walikuwa wakimwita babu wa barafu: "Opa Barafu, leo hutupunguzii kidogo? Samaki wanaharibika!" Akaifunika redio kwa kitambaa cha meza. Miaka kumi na mitatu hakuigusa, mpaka tukamzika.

Mwaka jana ulipomwombea marehemu Papa cheti cha kielektroniki kwa jina lake la hewani, nilianza kuingiza madaftari yake kumi na moja kwenye mfumo wa mtandaoni. Naupenda mfumo ule kwa sababu hauna mwenyekiti. Wewe unapakia mstari wako, mwenzako anapakia wake, na majina, masafa na saa vikipatana, mawasiliano yamethibitishwa. Hakuna anayepita katikati. Machi mwaka huu nilipakia daftari la mwisho, nikaenda kukoroga chai. Niliporudi, mstari wa kisiwa cha barafu ulikuwa umethibitishwa. Nilipiga ukelele hadi Mama akadhani mlima umelipuka.

Nikamwandikia yule Mnorwe kumshukuru. Siku mbili akajibu, mzee mwenye adabu. Hakumbuki mtu yeyote wa chama chetu kumwandikia kuulizia jambo hili. Kadi ya kumjibu Papa aliituma mwenyewe mwaka 1998, kupitia chama, na tarehe anayo. Isome tena sentensi hiyo, Yopi.

Ndipo Aprili tukaenda kwenye kisiwa kimoja kidogo cha huku kwetu, sisi wanawake wanne wa chama, tukafunga antena chini ya mnara wa taa. Om Bertus anakusanya mawasiliano na visiwa mia vya nchi yetu. Ana tisini na tisa, na hicho chetu ndicho cha mia. Magoti yake hayapandi mashua tena, kwa hiyo alituita kwa redio kutoka barazani kwake, sisi tukinywa chai ya asubuhi. Nilimjibu mimi mwenyewe. Nikamwambia sauti yake ni safi, akanishukuru kwa furaha ya kitoto.

Daftari nilishika mimi. Tuliporudi nilipakia mistari elfu mbili mia tatu kumi na sita. Ilipaswa kuwa kumi na saba.

Wiki ya kwanza akaja. "Altje, mwanangu, mbona wangu hauonekani?"

Nikafungua kompyuta, nikatafuta polepole, kidole kwenye kioo. "Hayumo daftarini, Om."

"Nimo! Si ulinijibu wewe!"

"Labda saa, Om. Uliandika saa ya dunia, au ile ya ukutani?"

Unajua jinsi sote tunavyojikwaa hapo, sisi tulio saa nane mbele. Akarudi nyumbani kuishuku saa yake. Alibadilisha na kupakia upya, akaja. Akabadilisha tena, akaja. Mara nne, Yopi! Mwenyekiti mzima, akiikana saa aliyoiona kwa macho yake. Nilifurahi. Sitakuficha, nilipika kwa kuimba siku zile.

Mara ya nne nikamwambia, "Pole, Om. Labda uliongea na friji."

Rangi ikamtoka. Akashika kofia yake akaondoka.

Kesho yake akaleta kadi. Ilikuwa ndani ya nailoni, safi kabisa, na nyuma yake muhuri wake mwenyewe wa mapokezi: 14 Julai 1998. Hata cha wizi alikigonga muhuri.

"Niliwaita siku tisa, hawakunisikia," akasema. "Welly akawapata kwa waya uliofungwa kwenye mkarafuu. Sikuweza kuvumilia, Altje."

Angeishia hapo, pengine moyo wangu ungelegea. Lakini vidole vyake vilikuwa bado juu ya kadi alipoongeza: "Sasa utanipakia?"

Nikamwambia nitampakia. Kadi ya Papa imekaa kwake miaka ishirini na sita, basi na mstari wake utakaa kwangu ishirini na sita. Aje Julai 2050. Atakuwa na miaka mia na saba.

Kwa hiyo usinisihi. Nywila nimebadilisha, na usijaribu "friji," hiyo ilikuwa ya wiki iliyopita. Mama ameisoma kadi, akaifuta kwa pindo la gauni, akaiegemeza kwenye picha ya Papa. Nilimuuliza kama nimezidisha. Akaniuliza kama samaki wameisha.

Jana asubuhi Om Bertus alikuwa hewani, akiniita, akiniita tena. Nilimsikia wazi. Nikaandika jina lake, masafa na saa, saa ya dunia, kwa wino. Kisha nikafunga daftari bila kumjibu.

Nisalimie Marijke, na umbusu Lidya mashavu yote mawili. Tante Nontje na watoto wa Om Ventje wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe afya na moyo mwepesi kuliko wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapomwombea mwizi,

Altje

Nimesahau: kalenda ya 2050 bado haijachapishwa popote. Nimechora ukurasa wa Julai mwenyewe, nikaupeleka kwake ukiwa ndani ya nailoni.